Kwa Nini Stima Huishiwa Nguvu Jioni

Maelezo yaliyotolewa kwa wakaazi wa Kaunti ya Kilifi kuhusu volteji majumbani na kwenye biashara ndogo



Stima ikipotea, kila mtu anajua imepotea, na anajua pa kupiga simu. Taabu zaidi iko kwa stima iliyopo lakini haifanyi kazi. Saa moja jioni taa inakuwa nyekundu kama kaa, feni inazunguka kwa uvivu, friji inanguruma kidogo halafu inanyamaza kwa mlio wa "tik". Saa tano usiku mambo yanarudi sawa, na watu wamekwisha kulala. Mama muuza samaki anaamka alfajiri na kukuta barafu imekuwa maji na samaki wameanza kulegea. Fundi akiitwa mchana anapima, anaona stima ni nzuri, anachukua nauli yake na kwenda zake.

Hapo ndipo maneno huanza. Wengine husema mita inaiba. Wengine husema kuna mtu ofisini anayepunguza stima ya vijijini ili hoteli za ufuoni zipate. Ubaya wa maneno hayo ni kwamba yanamfanya mwananchi alalamikie jambo ambalo hakuna awezaye kulithibitisha, na kuliacha lile linaloweza kupimwa na kurekebishwa. Sababu, mara nyingi, iko kwenye waya unaoonekana juu ya nguzo.

Stima ina mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna mkondo, yaani wingi wa stima inayopita kwenye waya, unaopimwa kwa ampea. Na kuna msukumo unaoutembeza mkondo huo. Msukumo huo ndio volteji, nao hupimwa kwa volti. Anayetegemea maji ya bomba kutoka Baricho ataelewa upesi. Usiku wa manane, mifereji ya mtaa ikiwa imefungwa, maji hutoka kwa kishindo. Asubuhi kila nyumba ikifungua mfereji wake, aliye mwisho wa bomba anapata tone moja moja. Presha imeishia njiani, ikiyasukuma maji mengi ndani ya bomba refu na jembamba.

Mfano huo wa maji una upungufu mmoja. Maji yakishatoka kwenye mfereji yamekwenda, lakini mkondo wa stima lazima urudi ulikotoka. Ndiyo maana kila nyumba huletewa nyaya mbili: waya wa moto, ambao mafundi huuita laivu, na waya wa kurudisha, ambao huitwa nyutro. Nchini Kenya volteji ya nyumbani, kati ya laivu na nyutro, ni volti 240. Laini kubwa ya mtaa huwa na nyaya tatu za moto, kila mmoja ukiitwa fezi, na nyutro moja inayotumiwa na zote tatu. Kati ya fezi na fezi kuna volti 415. Nambari hiyo ya 415 itafaa kukumbukwa, kwa sababu ndiyo inayounguza televisheni.

Kila waya, hata uwe mzuri vipi, huuzuia mkondo kidogo. Kizuizi hicho huitwa ukinzani, na kipimo chake ni omu, jina linalotokana na Mjerumani Georg Ohm aliyechapisha kanuni yake mwaka wa 1827. Kanuni yenyewe ni hesabu ya darasa la nne: volti zinazopotea njiani ni ampea zinazopita mara omu za waya. Waya ukiwa mrefu, omu zinaongezeka. Ukiwa mwembamba, zinaongezeka. Na watu wakiwasha vitu vingi, ampea zinaongezeka. Stima ya jioni inafinywa na hayo yote kwa pamoja.

Mfano wa kweli kabisa katika vijiji vingi ni huu. Mradi wa Last Mile, ulioanza mwaka wa 2015, ulilenga kuunganisha nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Waya wa alumini wa unene wa milimita 50 za mraba una ukinzani wa takriban omu 0.6 kwa kila kilomita. Mkondo unaenda mita 600 na kurudi mita 600, kwa hivyo safari nzima ni kilomita 1.2, na ukinzani wake ni omu 0.72. Saa nane mchana, nyumba za mwisho wa laini zikitumia ampea 10 tu kwa jumla, volti zinazopotea ni 7. Anayepima anapata 233 na kusema hakuna tatizo. Saa moja jioni nyumba hizo hizo zinawasha taa, televisheni, pasi za sare za shule, koili za kuchemshia maji, na kijana wa kuchomelea bado anamalizia mlango wa mteja. Ampea zikifika 60, zinazopotea ni volti 43. Kwenye soketi ya nyumba ya mwisho zinabaki volti 197.

Hizo volti 43 zimegeuka kuwa joto kwenye waya wa juu, zaidi ya kilowati 2 na nusu, zikipasha hewa na kunguru moto bila faida kwa yeyote. Mita ya nyumba haizihesabu, kwa sababu mita iko mwisho wa safari na inahesabu kile kilichofika. Mita hupima volti na ampea kwa pamoja. Volti zikipungua, koili inatumia tokeni polepole zaidi, ila sufuria nayo inachelewa kuchemka, na mwishowe gharama inakaribia kuwa ile ile. Kwa hivyo malalamiko ya kwamba mita inaiba wakati taa imefifia hayana mashiko, ingawa malalamiko ya kwamba huduma ni duni yanayo.

Sasa, jambo ambalo wakaazi wengi hawajaambiwa, na ambalo lina thamani kuliko yote katika maelezo haya. Ampea 60 katika mfano huo zilikuwa zote kwenye fezi moja. Hilo hutokea kwa njia ya kawaida kabisa: nyumba ya kwanza iliungwa kwenye waya uliokuwa karibu na mkono wa fundi, ya pili vivyo hivyo, ya tatu vivyo hivyo, na miaka ikapita. Fezi moja ikabeba kijiji, na mbili zikabaki zikipunga upepo. Kama nyumba hizo zingegawanywa sawa, kila fezi ingebeba ampea 20. Zaidi ya hapo, mikondo ya fezi tatu zilizo sawa hufutana inapokutana kwenye nyutro, kwa sababu haifiki kilele chake kwa wakati mmoja. Moja ikipanda, nyingine zinashuka. Nyutro inabaki karibu bila kazi, na hakuna volti zinazopotea katika safari ya kurudi. Hesabu inakuwa ampea 20 mara omu 0.36 za safari ya kwenda peke yake: volti 7 tu. Kijiji ni kile kile, laini ni ile ile na mzigo ni ule ule, lakini nyumba ya mwisho inapata volti 233 badala ya 197.

Katika maisha, mizigo haigawanyiki sawa kiasi hicho, na nyumba hazikai zote mwisho wa laini. Hata hivyo tofauti inabaki kubwa. Kijiji kinachoomba transfoma mpya kinaweza kungoja bajeti kwa muda mrefu. Kuhamisha nyumba kadhaa kutoka fezi moja hadi nyingine ni kazi ya wafanyakazi wa Kenya Power na ngazi, tena ya siku moja. Wananchi wanaojua kuuliza "fezi zetu ziko sawa?" wameuliza swali ambalo mhandisi hawezi kulijibu kwa porojo. Kazi hiyo, ifahamike, si ya fundi wa mtaani. Anayepanda nguzo bila idhini huvunja sheria na kucheza na uhai wake.

Upungufu wa volti unaumiza nini? Balbu za kisasa za LED hazijali sana. Nyingi huendelea kuwaka hadi volti zimeshuka mno. Redio na chaja ya simu nazo huvumilia. Kinachoumia ni kila chenye mota: friji, pampu ya maji, feni, kinu cha kusaga unga. Nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka haipungui sambamba na volti. Inapungua kwa volti mara volti. Volti zikishuka hadi asilimia 80, yaani kutoka 240 hadi 192, nguvu ya kuanza inabaki asilimia 64. Kompresa ya friji inajaribu kusukuma gesi, inashindwa, inasimama palepale huku mkondo ukipita. Mota iliyokwama hivyo hunywa mkondo mara tano au zaidi ya ule wa kawaida, na mkondo wote huo unageuka joto ndani ya nyaya zake nyembamba. Ule mlio wa "tik" ni kifaa kidogo cha ulinzi kikikata kabla mota haijaungua. Kikipoa, kinaunga tena, kompresa inajaribu tena, inashindwa tena. Friji inaweza kukaa katika mchezo huo jioni nzima. Siku moja kifaa hicho kinachoka, na kompresa ikishaungua, bei ya kuibadilisha humfanya mwenyewe aulize bei ya friji nyingine.

Kwa hivyo anayesikia "tik" hiyo mara kwa mara jioni anashauriwa aizime friji ukutani, aifunge vizuri bila kuifungua fungua, na kuiwasha volti zinaporudi. Kuna pia kifaa cha kulinda friji kinachochomekwa kwenye soketi: hukata volti zikishuka au zikipanda kupita kiasi, na zikirudi hungoja dakika chache kabla ya kuunga. Kungoja huko kuna maana. Gesi iliyobanwa ndani ya friji huhitaji muda kutulia, na kompresa inayowashwa papo hapo huanza kazi ikiwa imebebeshwa mzigo. Stabilaiza nayo inasaidia, ila ina hila yake: ili iinue volti, inavuta ampea zaidi kutoka kwenye laini, na kumshusha jirani aliye mbele. Kijiji kizima kikinunua stabilaiza, wote wanavutana kamba ile ile.

Mwenye kinu cha kusaga ana shauri jingine. Mota kubwa inapoanza huvuta mkondo mwingi kwa sekunde chache, na taa za mtaa mzima huinama. Kinu cha fezi tatu chenye kiwashio kinachoianza mota kwa awamu hupunguza usumbufu huo sana. Na fezi moja ikikatika wakati kinu kinazunguka, mota huendelea kuvuma kwa fezi mbili huku ikiungua taratibu. Kifaa cha kukata fezi inapopotea ni rahisi mno kikilinganishwa na kusukwa upya kwa mota.

Si kila upungufu unatoka kwenye laini ya mtaa, na hapa baadhi ya wakaazi hujidhulumu wenyewe. Mtu ana pampu kisimani, mita 80 kutoka nyumbani, na ameipelekea stima kwa waya wa 1.5 kwa sababu ndio uliokuwa wa bei nafuu dukani. Waya huo, kwenda na kurudi, una ukinzani wa karibu omu 2. Pampu ikinywa ampea 8, volti 16 zinapotea, nayo inavumilia. Lakini wakati wa kuanza, ampea zikiruka hadi 40, volti 80 zinapotea na pampu inakwama ikinguruma. Kwa waya wa 6, safari hiyo hiyo hupoteza volti 4 tu pampu ikitembea, na 20 inapoanza. Waya mnene ni ghali siku ya kununua, lakini hununuliwa mara moja.

Kisha kuna viungo. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula metali, hasa pale shaba inapofungwa moja kwa moja na alumini. Kiungo kilicholegea au kuoza kikiwa na ukinzani wa nusu omu, na ampea 30 zikipita hapo, zinapotea volti 15 na linatoka joto la wati 450 mahali padogo kuliko kidole gumba. Hiyo ni karibu nusu ya joto la pasi, likiwa limebanwa ndani ya soketi ya plastiki au chini ya dari ya makuti. Soketi yenye alama ya hudhurungi, harufu ya plastiki, au taa inayopepesa mtu akigusa ukuta, ni dalili za kuzima swichi kubwa na kumwita fundi mwenye leseni ya EPRA, si za kuvumilia hadi mwisho wa mwezi.

Hadi hapa maelezo yamekuwa ya volti kupungua. Volti huzidi pia, na kuzidi ndiko kunakoharibu kwa haraka. Njia mbaya kuliko zote ni nyutro ya mtaa kukatika, iwe kwa kuoza, kwa tawi la mwembe lililoanguka, au kwa mkono wa mwizi wa shaba. Nyutro ikiwa haipo, mkondo wa nyumba moja hauna njia ya kurudi, kwa hivyo hupitia nyumba ya jirani aliye kwenye fezi nyingine. Nyumba hizo mbili sasa zinagawana zile volti 415, na hazigawani kwa haki. Yenye koili na pasi inapata volti chache. Yenye taa mbili na televisheni inabebeshwa zilizobaki, ambazo zinaweza kupita 350. Dalili yake haifichiki: nyumba moja taa zinafifia, na wakati huo huo nyumba ya pili taa zinang'aa kupita kawaida. Au mtu anawasha pasi kwake, na taa ya jirani inawaka kama jua. Hapo hakuna cha kusubiri. Swichi kubwa izimwe mara moja, majirani waambiwe wazime zao, na ripoti itolewe kama dharura. Asijitokeze mtu kushika waya ulioning'inia kwa kudhani kwamba nyutro haina stima. Nyutro iliyokatika, upande wa nyumbani, ina stima ya kuua.

Huu ndio upande wa wizi wa vifaa vya stima usiozungumzwa vya kutosha. Waya wa ethi wa transfoma unaouzwa kwa kilo kwenye chuma chakavu humletea mwizi shilingi chache, na kuuacha mtaa mzima bila kinga ya volti zilizopotoka.

Inafaa kutazama pia zinakotoka hizo volti 240, maana hazikuzaliwa zikiwa 240. Stima inayowaka Kilifi inaweza kuwa imetoka kwenye mvuke wa Olkaria kaunti ya Nakuru, kwenye mabwawa ya Mto Tana kama Masinga na Kiambere, kwenye mtambo wa mafuta wa Rabai, au kwenye paneli za sola za Malindi. Kusafirisha stima ya mbali kwa volti 240 hakuwezekani. Kilowati 2,400, ambazo ni mahitaji ya mji mdogo, zingehitaji ampea 10,000, na hakuna nguzo ingebeba waya wa unene huo. Zikisafirishwa kwa volti 132,000, ampea 18 zinatosha. Na kwa kuwa joto linalopotea hutegemea ampea mara ampea, volteji ikiongezwa mara kumi, hasara hushuka mara mia.

Kazi ya kuipandisha na kuishusha hufanywa na transfoma, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka wa 1831: mkondo unaobadilika kwenye waya mmoja huzaa volteji kwenye waya ulio kando yake, bila kugusana. Mizunguko mingi ya waya huzaa volti nyingi, michache huzaa chache. Kwa njia hiyo stima inasafiri kwa volti 400,000, 220,000 au 132,000, inashushwa kwenye vituo kama Rabai, inaingia mitaani kwa 33,000 au 11,000, na transfoma ya kwenye nguzo inaimalizia hadi 415 na 240. Katika kila hatua mzigo unaivuta chini kidogo, na wahandisi wanaiinua tena: kwa kubadilisha idadi ya mizunguko inayotumika ndani ya transfoma kubwa, au kwa kuongeza nguvu ya sumaku ya jenereta. Transfoma ya mtaa nayo huwekwa ianze juu kidogo ya 240 makusudi, ili nyumba ya mwisho isiachwe chini mno. Ndiyo maana aliye karibu na transfoma huona volti 250, na balbu zake za bei rahisi haziishi siku nyingi.

Mombasa ilipoanza kupata stima ya umma mwaka wa 1908, kupitia kampuni ya mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee, laini zilikuwa za kisiwani tu. Matatizo ya umbali yalikuja baadaye, laini zilipovuka bara.

Na laini ndefu zina tabia moja inayowashangaza hata mafundi. Mchana na jioni, zikibebeshwa mzigo, volti hushuka kuelekea mwisho. Usiku wa manane watu wakilala na mzigo ukawa mwepesi, volti za mwisho wa laini zinaweza kupanda kuliko za mwanzo. Waya mrefu wa volti za juu huhifadhi chaji, kama ndoo inayojaa na kumwagika mara 50 kila sekunde, na chaji hiyo isipotumika huinua volti. Vituo huwekewa koili kubwa za kuimeza. Laini inayotoka kwenye mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana hadi Suswa ina urefu wa zaidi ya kilomita 400, na jambo hilo ni la kila siku kwa wanaoiendesha.

Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo, na maeneo mengi hayakupata stima hadi siku iliyofuata. Kenya Power ilisema chanzo kilikuwa kupotea kwa stima ya mtambo wa Ziwa Turkana. Wenye mtambo walisema ulijizima wenyewe ili usiharibike, kwa kuwa volteji ya gridi ilikuwa imepanda kupita kiasi. Pande hizo mbili hazikukubaliana ni lipi lilitangulia. Mwananchi anaweza kuchukua hili: hata mtambo wa megawati 310 hufanya kile friji yenye kifaa cha ulinzi inachofanya. Volti zikitoka nje ya mipaka, hujitenga.

Stima ikirudi baada ya giza kama hilo, dakika za kwanza ndizo mbaya. Friji zote, pampu zote na feni zote zinataka kuanza kwa pamoja, volti zinazama, kisha zinaruka huku na huko laini zikiunganishwa moja moja. Ni busara kuchomoa vitu vya thamani stima inapopotea, kuacha taa moja ikiwa imewashwa kama alama, na kungoja dakika tano au kumi baada ya taa hiyo kuwaka. Wakati wa ngurumo na radi, kuchomoa ndiyo kinga ya uhakika. Swichi ya ukutani peke yake haitoshi kuizuia radi.

Kuhusu ni nani anawajibika wapi: laini na transfoma hadi kwenye mita ni jukumu la Kenya Power. Kuanzia mita kuingia ndani ni jukumu la mwenye nyumba. Wapangaji wa Mtwapa na Mariakani wanaoishi katika nyumba za vyumba kumi vilivyoungwa kwa waya mmoja wana haki ya kumkumbusha mwenye nyumba upande wake. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya mipango ya usambazaji wa stima, na Sheria ya Nishati ya mwaka wa 2019 inazitaka ziandae mipango ya nishati. Malalamiko yasiyotatuliwa na kampuni yanaweza kufikishwa kwa EPRA. Miunganisho ya kuiba nayo isisahaulike katika hesabu hizi. Ampea zake hazimo katika ukubwa wa transfoma uliopangwa, na wanaozilipia kwa taa kufifia ni wale waliolipa.

Ripoti isemayo "stima huku ni mbaya" humfikia ofisa ambaye atatuma gari mchana, akute volti 233, na kuifunga. Kinachofaa ni vipimo. Mita ya kupimia volti ya fundi inatosha, na kikundi kinaweza kununua moja ya kushirikiana, anayeitumia akiwa ameonyeshwa na fundi jinsi ya kupima kwenye soketi bila kugusa chuma. Nyumba tatu zichaguliwe, moja karibu na transfoma, moja katikati, moja mwisho. Zipime saa nane mchana, saa moja na nusu jioni na saa tano usiku, kwa siku saba, na kuandika. Kama nyumba ya kwanza ina volti nzuri jioni na ya mwisho haina, tatizo ni laini au fezi kutogawanywa. Kama zote tatu ziko chini, transfoma imezidiwa au tatizo liko mbele yake. Kama ni nyumba moja tu, kiungo chake au nyaya zake za ndani zikaguliwe kwanza.

Vipimo hivyo viandikwe pamoja na nambari ya mita, nambari iliyo kwenye nguzo au transfoma iliyo karibu, na idadi ya nyumba zilizoathirika. Kenya Power hupokea ripoti kwa simu 97771 na kwa kubonyeza *977#. Apigaye aombe nambari ya kumbukumbu, aiandike chini ya vipimo, na nakala ya karatasi hiyo ipelekwe kwa msimamizi wa wadi.